Kipimo cha gesi za damu cha mkononi: uzoefu wangu wodini

Mimi ni muuguzi wa wagonjwa mahututi. Ninachokizungumzia hapa ni kile kipimo cha gesi za damu (oksijeni na kaboni dioksidi) cha kushika mkononi, kinachotumia katriji za kutupa. Zamani damu yote tulikuwa tunaipeleka kwenye mashine kubwa ya maabara. Majibu yalikuwa sahihi, ila yakifika mgonjwa keshabadilika. Hiki kinajibu pale pale kitandani kwa takriban dakika 2. Mgonjwa ambaye kaboni dioksidi inampanda na pH, yaani kipimo cha uasidi wa damu, imeshuka chini ya 7.2 hana muda wa kusubiri, tuamue kumwekea mpira wa kupumulia au tuendelee na barakoa.

Matone mawili matatu yanatosha. Unajaza damu mpaka kwenye alama, unafunga kifuniko, unachomeka. Ndani, kifuko cha maji ya kusawazishia kinatobolewa kwanza, maji yanapita juu ya vihisi, kifaa kinajirekebisha, ndipo damu inafuata. Ndiyo maana katriji hushikwa pembeni. Ukiibinya katikati kifuko kinapasuka na katriji imekwisha kazi. Oksijeni inapimwa kwa mkondo mdogo wa umeme inaouzalisha ikifika kwenye elektrodi. Kaboni dioksidi yenyewe hupenya utando na kubadilisha uasidi wa kimiminika kilicho nyuma yake. Ni kazi ya wanasayansi wawili, ya Clark ya 1956 kwa oksijeni na ya Severinghaus ya 1958 kwa kaboni dioksidi, leo imebanwa kwenye kipande cha plastiki cha kutosha kiganjani.

Raha nyingine: bonge la damu likiziba, inakufa katriji moja tu. Kwenye mashine kubwa wodi nzima ingesubiri fundi. Na kihisi kisipojiamini, skrini inaweka nyota badala ya namba. Hilo nalipenda kuliko mashine inayobuni jibu.

Kero ni friji. Katriji zinakaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na moja ikitolewa inahitaji kama dakika 5 ubaridi uishe. Usiku wa dharura dakika hizo hazipiti. Sasa tunaacha chache nje, tumeziandikia tarehe kwa kalamu, maana nje hazidumu na hazirudishwi ndani. Kiputo cha hewa kwenye bomba la sindano nacho hakina msamaha: hewa ya chumba ina oksijeni yenye shinikizo la karibu 150 mmHg, kwa hiyo mgonjwa mwenye 60 ataonekana nafuu asiyokuwa nayo.

Lakini jambo ambalo ningetaka kila mnunuzi alijue ni hili: si kila namba kwenye ile skrini imepimwa. Asilimia ya oksijeni kwenye himoglobini (kibeba oksijeni cha damu), kwa kifaa chetu, inakokotolewa kutokana na pH na shinikizo la oksijeni. Aliyevuta moshi wa nyumba inayoungua, himoglobini yake imeshikwa na kaboni monoksidi, lakini oksijeni iliyoyeyuka kwenye damu inaweza kuwa nzuri tu, basi kifaa kinatoa 98 bila wasiwasi. Oksimita ya kidoleni nayo inadanganyika vivyo hivyo. Damu ya mgonjwa wa namna hiyo naipeleka kwenye mashine kubwa, inayotenganisha aina za himoglobini kwa mwanga.

Wingi wa damu, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, nao unakisiwa kwa jinsi damu inavyopitisha umeme. Protini zikishuka, kama kwa mtu aliyemiminiwa dripu chupa kwa chupa, namba inatoka chini kuliko ukweli, na daktari wa zamu anaanza kuulizia damu ya kuongeza. Kabla hatujaagiza chupa, tunapima tena maabara.

Kwa pH, kaboni dioksidi na laktati (asidi inayopanda mwili ukikosa oksijeni) nakiamini, na wodi yetu imeshanunua cha pili. Mashine kubwa hatujaiondoa, na ukisikia muuzaji anakwambia uiondoe, muulize kwanza ile asilimia anaipimaje.