strace au gdb: uzi ukifutwa, faili zikivuja

Kila tukikutana kwa chai pale Ngara, ubishi ni ule ule: programu imeita pthread_cancel (amri ya kufuta uzi, yaani mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu), sasa inavuja faili: inazifungua bila kuzifunga. Unashika strace, inayoorodhesha maombi ya programu kwa kerneli (kiini cha mfumo), au gdb, inayosimamisha programu na kuichungulia ndani?

Kwa gharama, strace haina mpinzani. Ni ndogo, wala haidai alama za utatuzi (data inayounganisha programu na mistari ya msimbo), ambazo kwa gdb zinaweza kumeza bando lako lote. Juzi strace -f (inayofuata nyuzi zote) ilinionyesha openat, ombi la kufungua faili, ikirudisha namba ya faili, 7, kisha SIGRTMIN, ile ishara ya 32 ambayo glibc (maktaba ya msingi ya C kwenye Linux) hutumia kufuta nyuzi. Baada ya hapo close(7) ya kuifunga hakuna. Kerneli ilishatoa namba. Uzi ukafa kabla programu haijaipokea.

Ila strace ya kawaida haikuambii ni mstari gani wa msimbo wako ulioita openat. Hapo gdb ndiyo yenyewe: unasimamisha programu, unaandika thread apply all bt, kila uzi unajianika na mlolongo wa miito yake.

Kutegemeka? Zote hupitia ptrace (njia ya kerneli ya kuchungulia programu nyingine) na kuvuruga kasi, kwa hiyo hitilafu ya kufumba na kufumbua inaweza kujificha ukiichungulia. Na huwezi kuzipachika zote mbili kwa uzi mmoja kwa wakati mmoja.

Kwenye sava ya mteja, SSH (muunganisho wa mbali) ikikatikakatika, mimi ni strace. Kwa laptopu yenye msimbo wote, gdb.