ACK au NAK: meseji moja kwa mashine zote Unguja na Pemba

Yakhe, sava ipo Mjini, mashine zipo Chake, Wete na Mkoani, na zote zipate meseji ile ile. Kwa ACK kila mashine inajibu "nimepata", sava inajua nani kakosa, mambo ya pesa miye nang'ang'ania hii, ila mashine zikifika mia tano majibu yanaivamia sava kwa pamoja na inazidiwa.

NAK ni kinyume chake, ukimya ndo salama, mashine inasema ikikosa tu: kila paketi (kipande cha meseji) ina namba, Wete ikiona 41 halafu 43 inaomba 42 tu basi. PGM, utaratibu wa kutuma meseji moja kwa mashine nyingi, ulioelezwa kwenye waraka wa kiufundi wa intaneti RFC 3208, mwaka 2001, unafanya hivyo, tena ruta za njiani zinachuja maombi yanayofanana. Tatizo paketi ya mwisho, ikipotea hakuna namba nyuma yake ya kuwashtua, kwa hivyo sava inatuma-tuma ujumbe mdogo kusema imefikia ngapi.