HomePod sebuleni Mombasa: sauti naisifu, soko nalitilia shaka

HomePod ya kizazi cha pili, spika janja (yaani inayopokea amri za mdomo) ambayo Apple iliitoa Februari 2023 kwa dola 299, imo sebuleni mwetu Mji wa Kale tangu dada yangu alipokuja nayo kutoka Uingereza. Tangu siku hiyo imetupa burudani, na imetupa pia ubishi usiokwisha kati yangu na shemeji yangu: je, bidhaa hii imefaulu sokoni au haikufaulu? Shemeji, ambaye huisikiliza anapokuja kutuzuru tu, anashikilia kwamba imefaulu. Mimi ninayeisikiliza kila siku, na ninayeipenda kuliko yeye, nasema haikufaulu, wala sioni ajabu mtu kukisifu kitu na papo hapo kukubali kwamba wanunuzi walikipita.

Kwanza nitaje sifa zake, maana kwa upande wa sauti hatubishani. Nyumba yetu ni ya zile za zamani zenye kuta nene za mawe na chokaa, dari ya boriti iliyo juu sana na sakafu ya saruji tupu, na katika chumba cha namna hiyo redio ya kawaida husikika kana kwamba mtu ameifungulia ndani ya birika. HomePod ina maikrofoni zinazosikiliza jinsi sauti inavyorudi kutoka kwenye kuta, na ina kihisi kinachotambua kwamba imehamishwa mahali, kisha yenyewe hurekebisha mlio wake. Siku niliyoiondoa pembeni na kuiweka juu ya kimeza karibu na dirisha, besi iliyokuwa imevimba ilipungua wimbo ukiendelea, bila mimi kugusa chochote. Ndani yake mna wufa moja, yaani spika ya sauti nzito, ya inchi 4 na spika ndogo 5 za sauti nyembamba zilizopangwa kuzunguka kitako, na ndiyo sababu aliyeketi barazani na aliyeketi karibu na mlango wa ndani husikia karibu kitu kimoja.

Nyimbo za taarabu za Juma Bhalo nilizikulia kwenye kanda, na nilidhani nazijua zote. Kwenye spika hii kinanda kinakaa upande wake na tabla upande wake, mapigo ya vidole yanahesabika, na sauti ya mwimbaji haizamishwi na ala. Mkwaruzo wa kanda nao unasikika wazi, kwa sababu spika nzuri haifichi ubovu wa rekodi. Asubuhi ya Ijumaa tunaweka kisomo cha Qur'ani kwa sauti ya chini, na hata kwa kiwango hicho kila herufi hutoka kamili. Kwa umbo lisilozidi urefu wa sentimita 17, sijasikia mfano wake.

Lakini soko haliendi kwa masikio yangu. Spika ya kwanza ya jina hili ilitangazwa Juni 2017 kwa bei ya dola 349, ikaahidiwa Desemba mwaka huo, ikachelewa, ikaingia madukani tarehe 9 Februari 2018. Wakati huo Amazon ilikuwa na spika janja yake, Echo, tangu Novemba 2014, Google nayo ilikuwa imeingia mwaka 2016, na zote mbili zilikuwa zikiuza vidude vya bei nafuu vilivyokwisha kuzoeleka majikoni na vyumbani mwa watu Marekani. Aprili 2019 bei ya HomePod ilishushwa hadi dola 299. Machi 2021 Apple ilitangaza kwamba inaiacha na kwamba nguvu zake itazielekeza kwa HomePod mini, iliyokuwa imeanza kuuzwa Novemba 2020 kwa dola 99.

Hapo ndipo shemeji hunikatiza. "Bwana shemeji," huniambia, "kitu kisichouzika hakirudishwi dukani, na hii imerudi." Kweli imerudi, ila tuangalie ilivyorudi: baada ya karibu miaka 2, kwa bei ileile iliyokwisha kushushwa, spika ndogo zikiwa zimepunguzwa kutoka 7 hadi 5 na maikrofoni kutoka 6 hadi 4. Mimi hilo naliita kupewa nafasi ya pili, na mpewa nafasi ya pili ni yule ambaye ya kwanza ilimponyoka.

Hoja yake nyingine ni ya hesabu, na hapo inafaa msomaji awe macho. Apple haitangazi idadi ya HomePod inazouza, wala mapato yake peke yake. Huichanganya katika fungu moja la vifaa vya kuvaa, vya nyumbani na vya ziada, fungu ambalo katika mwaka wa fedha wa 2024 liliingiza takriban dola bilioni 37. Shemeji akiisoma tarakimu hiyo hutabasamu. Humo, hata hivyo, mna saa za Apple Watch na vipokea sauti vya AirPods, ambavyo mtu huviona kila siku mikononi na masikioni mwa watu hata hapa Mombasa, na hakuna njia ya kuichomoa humo sehemu ya spika. Hesabu ya namna hiyo haimthibitishi yeye, wala mimi hainisaidii.

Ana hoja moja ambayo sijaweza kuivunja. Mwezi Julai 2024 gazeti la The Wall Street Journal liliripoti kwamba kitengo cha vifaa cha Amazon, ambamo mna Echo, kilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 25 kati ya 2017 na 2021. Basi, asema shemeji, ikiwa aliyeuza nyingi kuliko wote aliuza kwa hasara, kwa nini umhukumu aliyeuza chache kwa bei inayomlipa? Ni swali zuri, na limenifanya nisiupime ufaulu kwa idadi peke yake. Ninachoongeza ni kwamba wengine waliojaribu spika janja za bei ya juu nao hawakudumu: Google Home Max, iliyoanza Desemba 2017 kwa dola 399, ilisitishwa mwaka 2020, na Invoke ya Harman Kardon, iliyojengwa juu ya Cortana, msaidizi wa sauti wa Microsoft, ilipoteza msaidizi huyo mwaka 2021. Kwa hiyo kasoro si ya Apple pekee. Ni kwamba wengi wanaotaka spika ya kuambiwa "weka kengele ya saa kumi na mbili" hawaoni sababu ya kulipia wufa ya inchi 4, na wapenzi wa muziki wenye fedha wanataka chombo wanachoweza kukiunganisha na kila kitu.

Na HomePod haiunganishwi na kila kitu. Haina tundu la waya wa sauti, haipokei muziki kwa Bluetooth, na kuiandaa kwa mara ya kwanza kunahitaji iPhone au iPad. Katika mji ambao simu nyingi ni za Android, maana yake ni kwamba mgeni akija na nyimbo zake kwenye simu, atazisikiliza kwenye simu yake. Subwufa ya kawaida inayouzwa madukani huku kwetu, kwa pesa zisizofika nusu ya hizi, hupokea flashi, redio ya FM na Bluetooth ya simu yoyote, na ikiharibika fundi wa mtaani huifungua papo hapo. Sauti yake hailingani na hii hata kidogo, lakini shughuli ikiwepo nyumbani, ndiyo inayotolewa nje.

Kisha kuna suala la lugha. Siri, msaidizi wa Apple anayepokea amri kwenye spika hii, hana Kiswahili. Mama yangu hazungumzi lugha nyingine, hivyo huniambia mimi, "Mwambie huyo atie kisomo," nami humtafsiria huyo. Watoto wamezoea kuitolea amri kwa Kiingereza tangu mwanzo. Kwa mama spika janja imebaki kuwa redio inayowashwa na mtu mwingine, na sidhani nyumba yetu ni ya peke yake kwa hilo katika pwani yote.

Hali ya hewa nayo haikufikiriwa kwa ajili yetu. Ndani ya spika mna kihisi cha joto na unyevu, na Apple yenyewe inaeleza kuwa kimekusudiwa vyumba vyenye joto la nyuzi 15 hadi 30 na unyevu wa asilimia 30 hadi 70. Anayeijua Mombasa ya masika anajua kwamba mipaka hiyo tunaivuka tukiwa tumelala, na mimi tarakimu zake huzitazama kwa kujifurahisha tu. Betri haina, umeme ukikatika, nayo imenyamaza.

Bei yake ya dola 299, kwa kiwango cha karibu shilingi 129 kwa dola, ni zaidi ya shilingi 38,000 kabla ya usafirishaji na ushuru, na Apple haina duka lake lenyewe nchini Kenya. Jambo hilo la pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, spika ikiharibika. Spika ya kwanza ilipotoka, kuibadilishiwa nje ya dhamana kulikuwa kwa dola 279, ilhali mpya ilikuwa 349. Hatimaye shemeji ameamua kununua yake, na amemwagiza dada amletee mini. Nimemwambia uamuzi huo nauhesabu upande wangu; yeye anasema mini nayo ni HomePod.

Mwenye iPhone, mwenye chumba cha mwangwi kama chetu na anayesikiliza muziki kwa utulivu, nitamshauri ainunue hii kubwa bila kusita, na aagize ile ya Uingereza ili plagi iingie ukutani bila adapta. Anayeuziwa ya mwaka 2018 ya mkono wa pili ajue kwamba kitako chake cha silikoni kilijulikana kwa kuacha duara jeupe juu ya mbao zilizopakwa mafuta, kwa hiyo chini yake, ikiwa meza ni ya mvule, atandike kitambaa.