Dopla ya vena za shingo kwa mwenye MS: huduma nzuri, sababu mbaya

Wapo wenye MS (ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo) wanaoambiwa walipie Dopla ya vena za shingo, yaani altrasaundi ya kuangalia damu inavyopita kwenye mishipa inayoirudisha moyoni, ili kuthibitisha ugonjwa huo. Inapofanywa kwenye chumba cha altrasaundi hapa Dodoma haina sindano wala mionzi, na majibu hutoka siku hiyohiyo. Kwa hilo haina lawama. Ila ubora wake unategemea zaidi mkono wa mpimaji kuliko mashine. Kuta za jugula, vena kubwa ya shingo, ni laini. Probu, kile kifaa anachoshika mpimaji, ikikandamizwa kidogo tu, vena inajifunga, na kwenye skrini unaonekana wembamba ambao haupo. Mpimaji anayejua kazi humwaga jeli nyingi, probu ikabaki juu yake bila kuzama shingoni, huku kichwa cha mgonjwa kimenyooka. Anapima mgonjwa akiwa amelala chali, kisha akiwa ameketi. Akimaliza bila kukuinua, umepata nusu ya kipimo. Ukiketi, vena kusinyaa ni kawaida, kwa kuwa damu huhamia njia za kwenye uti wa mgongo. Mtu aliyetoka Kondoa kwa basi la alfajiri bila kunywa maji atakutwa na vena bapa. Akibana pumzi, zinavimba. Kunywa maji, pumua kawaida, na omba zamu ya asubuhi, maana joto la foleni huzidisha dalili za MS kwa muda.

Sasa hiyo sababu ya kupima. Mwaka 2009 Paolo Zamboni wa Ferrara, Italia, alidai kwamba MS inatokana na damu kukwama kwenye vena hizi. Aliweka vigezo vitano vya kipimo hiki. Ukikutwa na viwili au zaidi, una tatizo. Mwaka 2013 watafiti wa Kanada walikuta vena nyembamba kwa kiwango kilekile kwa wagonjwa, ndugu zao na watu wenye afya njema. Mwaka 2017 Zamboni mwenyewe akatoa matokeo ya jaribio la kupanua vena kwa puto: halikusaidia. Kwa hiyo kulipia Dopla ili kuthibitisha MS ni hasara. Fedha hiyo iwekee MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) na daktari wa mishipa ya fahamu.

Mtu akikuonyesha ripoti ya Dopla na kukushawishi ukawekewe puto au stenti (kijibomba cha kuiacha vena wazi) nje ya nchi, kataa. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu vifo, kiharusi, damu kuganda na stenti kuhama hadi kwenye moyo.

Lipia Dopla hii iwapo shingo au mkono utavimba ghafla, hasa baada ya kuwekewa katheta (mrija mwembamba) shingoni. Fomu iandikwe wazi: kutafuta damu iliyoganda. Hapo mpimaji atabonyeza kwa makusudi, kwa sababu vena yenye damu iliyoganda haijifungi.