Nyumba mpya Dar: nunua paipu kwanza, waya baadaye

Kama nyumba yako ya Goba, Madale au Kigamboni imefika lenta na fundi umeme ameanza kuulizia paipu, amua sasa televisheni zitakaa wapi, dishi litafungwa upande gani na intaneti itaingilia wapi. Plasta ikishapigwa, kila waya uliosahaulika utapita juu ya ukuta kwa klipu, au utalipia grinda, vumbi na rangi upya. Nimepanga vitu kuanzia kile ambacho nisingekiacha hata hela ikiwa ndogo, hadi kile ambacho ningekiacha dukani.

1. Paipu tupu. Wengi wanaona ni kupoteza hela kuzika paipu isiyo na kitu, ilhali ndicho kitu pekee ukutani ambacho hakipitwi na wakati. Tangu Dar izime matangazo ya analojia mwishoni mwa Desemba 2012, nyumba zetu zimepokea ving'amuzi vya antena, kisha madishi, na sasa intaneti ya faiba. Ukuta ni uleule. Chukua paipu ya milimita 25, nyaya mbili za data na mmoja wa dishi zipite bila kulazimishwa. Kwenye kona dai bendi ndefu, sio elbo kali, kisha acha kamba ya nailoni ndani, imefungwa kwenye boksi ncha zote mbili.

Paipu hizi zisibebe waya wa umeme hata mmoja. Zikienda sambamba na za umeme, ziachane kama sentimita 20. Zikikutana, zivukane kwa pembe mraba. Zote ziishie sehemu moja yenye hewa na soketi za umeme, mfano kona ya korido. Usikubali ruta iwekwe juu ya jipsamu, chini ya bati. Joto la Januari huko juu litaiua mapema. Kutoka kona hiyo toa paipu moja hadi ukuta wa nje unaotazama barabara, kwa ajili ya faiba, hata kama mtaani kwenu bado haijafika. Piga picha kila ukuta, futikamba ikiwa imewekwa juu yake, kabla mafundi wa plasta hawajaanza.

2. Cat 6 (waya wa data) ya shaba tupu. Inabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na gigabiti 10 kwenye umbali mfupi wa hadi mita 55 hivi, kwa hiyo nyumba ya kawaida haitaimaliza. Peleka nyaya mbili nyuma ya televisheni ya sebuleni, mmoja kila chumba, na mmoja kwenye dari katikati ya nyumba, upande wa chini wa jipsamu, kwa ajili ya kifaa cha Wi-Fi.

Hapa ndipo watu wanapigwa. Kariakoo utaoneshwa maboksi mawili ya mita 305 yanayofanana, bei mbalimbali, na utaambiwa, "Bosi, zote kopa." Omba kipande. Menya uzi mmoja, ukwangue kwa wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Nyanyua na boksi lenyewe, la alumini ni jepesi waziwazi. Alumini hukatika kirahisi kwenye soketi, na ukiitumia kupeleka umeme kwenye kamera au kifaa cha Wi-Fi, inapoteza nguvu na kupata joto kuliko shaba. Sioni bei itakayonishawishi kuizika ukutani.

3. RG6, waya wa dishi. Usichukue RG59, ile nyembamba. Dishi hutuma masafa yanayofika megahezi 2150, na hapo RG59 inapoteza mawimbi mengi. Pima waya wa kati kwa sumaku. Ikinasa, ni chuma kilichopakwa shaba: kwa mita 15 inatosha kabisa, kwa mita 40 tafuta shaba tupu, maana waya huohuo ndio unaopeleka umeme kwenye LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi. Kila king'amuzi kitake waya wake kutoka LNB yenye matundu mawili au manne. Spilita, kigawanyio cha waya cha shilingi chache, haifai: king'amuzi kimoja kikibadili chaneli, kingine kinaweza kupoteza picha.

Kabla hujachagua ukuta wa dishi, tazama mbinguni. Satelaiti ya DStv, longitudo nyuzi 36 mashariki, kwa Dar iko karibu na utosi. Ya Azam, longitudo nyuzi 7 mashariki, kwa Dar iko upande wa magharibi, kama nusu ya njia kutoka upeoni hadi utosini. Mwembe au ghorofa la jirani upande wa machweo litakunyima Azam na lisiiguse DStv. Waya ushuke kidogo kabla ya kuingia ukutani, ili maji ya masika yadondoke nje. Ukiwa karibu na bahari, nunua stendi iliyochovywa zinki. Ya rangi tu chumvi itaila.

4. Cat 5e ya shaba. Gigabiti 1 inatosha watu wengi. Ni bora sana kuliko Cat 6 ya alumini.

5. Wi-Fi peke yake. Kwa chumba na sebule, sawa. Kwa nyumba ya vyumba vinne yenye kuta za tofali za saruji na nguzo za nondo, chumba cha mwisho kitalalamika kila jioni.

6. Cat 7 na HDMI za kuzikwa. Cat 7 ni gharama bila faida nyumbani. HDMI, waya wa kuunganisha king'amuzi na televisheni, hubadilika kila baada ya miaka michache, na ukiizika kwenye plasta umeifunga humo. Televisheni ikining'inia, zika paipu fupi ya inchi 2 kutoka nyuma yake hadi nyuma ya meza ya king'amuzi, ncha ya HDMI ipite nzima bila kukatwa.