Wiki 12 za mazoezi kwa wagonjwa wa moyo: nilichokiona darasani

Nimemaliza wiki 12 za mazoezi ya kikundi, mara tatu kwa wiki, katika kliniki inayohudumia watu ambao mioyo yao imeshindwa kusukuma damu ipasavyo, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wale wanaoambiwa na jamaa zao kwamba mgonjwa wa moyo hana budi kulala tu. Mimi nina miaka 46, na jirani yangu darasani alikuwa bibi wa miaka 78. Ninachokisifu zaidi katika huduma hii ni kwamba hatukupewa mazoezi ya aina moja.

Siku ya kwanza hatukufanya zoezi lolote isipokuwa kutembea ukumbini kwa dakika 6, ili ijulikane kila mmoja amefika mita ngapi. Kabla ya hapo tulipimwa uzito na presha, tukaulizwa kuhusu dawa zetu moja baada ya nyingine. Tangu siku hiyo, kila tulipofika, mtaalamu alitubonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo cha mguu, akaangalia kama pamebaki shimo, kwa kuwa shimo hilo huweza kuonyesha kwamba maji yanajaa mwilini. Aliyebaki na shimo ambalo hakuwa nalo awali hakupanda baiskeli siku hiyo, bali alipelekwa kwa daktari. Uangalifu huo ndio ulioniondolea hofu.

Mimi nilipangiwa baiskeli, nikianza na dakika 10 na kuongezewa taratibu. Kwa sababu mojawapo ya dawa zangu hupunguza kasi ya mapigo ya moyo, hatukutegemea mapigo peke yake, bali nilifundishwa kipimo cha Borg, ambacho mtu hukadiria mwenyewe uzito wa zoezi kwa namba kuanzia 6 hadi 20, nikatakiwa kubaki kati ya 11 na 13, yaani pumzi ipande lakini niweze kusema sentensi nzima bila kukatika.

Bibi hakuanza na baiskeli. Zoezi lake la kwanza lilikuwa kuinuka kitini, na wiki ile alijisukuma kwa mikono yote miwili, akakaa tena, akajaribu upya huku mtaalamu amesimama ubavuni pake. Kufikia wiki ya 9 alikunja mikono kifuani na kuinuka mara 5 mfululizo, nasi tukamhesabia kwa sauti.

Utaratibu huu una msingi. Utafiti wa REHAB-HF, uliochapishwa mwaka 2021, uliwahusisha wagonjwa 349 wenye miaka 60 na zaidi waliokuwa wamelazwa kwa ugonjwa huu. Waliofundishwa nguvu, mwendo, stamina na kusimama bila kuyumba walipata uwezo mkubwa zaidi wa mwili kuliko waliopewa huduma ya kawaida, ingawa kulazwa tena hakukupungua. Utafiti mwingine wa Leipzig, Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2012, uliwalinganisha wagonjwa wa miaka 55 kushuka chini na wa miaka 65 kupanda juu, na baada ya wiki 4 misuli ya makundi yote mawili ilikuwa imenufaika. Uzee, basi, si sababu ya kumnyima mtu mazoezi.

Kasoro kubwa niliyoikuta iko mwishoni. Siku ya kuagana tulikabidhiwa sote karatasi ileile ya mazoezi ya nyumbani, iliyojaa baiskeli na matembezi marefu, na hakuna aliyetuambia ni lini tungepigiwa simu kuulizwa hali. Hilo limenisikitisha, kwa sababu hapo ndipo wengi hulegea: katika utafiti mkubwa wa HF-ACTION wa mwaka 2009, wenye wagonjwa 2,331, wengi hawakufikia kiwango cha mazoezi walichopangiwa.

Ninawashauri wagonjwa wa rika lolote kujiunga na darasa hili, baada ya kuruhusiwa na daktari wao. Kwa uongozi wa kliniki, nimeomba karatasi ya bibi iandikwe upya: iwe na kiti kisichoteleza, ukuta wa kushikilia, na mizani ya kila asubuhi, pamoja na namba ya kupiga uzito ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3.