Uzio wa mbao uwani: anza kwa kununua nguzo

Uzio wangu wa kwanza ulikuwa na mbao nzuri na nguzo mbovu. Mbao za inchi moja kwa sita nilizichagua moja moja, zikapigwa randa, zikapakwa rangi. Nguzo nilikata mbili kwa nne za kawaida, nikazipaka oili chafu miguuni, nikazifukia. Masika ya pili, upande mzima ukalala juu ya mchicha. Nilipozing'oa, zote zilikuwa zimekatika mahali pamoja, usawa wa ardhi. Juu ya hapo mti ulikuwa mzima kabisa. Chini kabisa ya shimo nako ulikuwa karibu mzima. Hapo katikati, penye unyevu na hewa kwa pamoja, palikuwa na unga na mchwa.

Iliniuma, kwa sababu uwani kwetu ndiko maisha yalipo. Huko tunapika, watu wanasukana nywele, mama anakaa mkekani bila mtandio. Uzio ukianguka, yote hayo yanahamia ndani kwenye joto. Ndiyo maana nimepanga mwongozo huu kwa kuanza na kinachoingia ardhini. Nazungumzia ukanda wa pwani ya Tanzania, ambako unyevu na mchwa havikatiki mwaka mzima.

Nguzo

Namba moja, bila kusita: nguzo ya mviringo ya mkaratusi (Iringa wanaita mlingoti) au ya paini, iliyotiwa dawa kwa mtambo. Mtambo ni tangi la chuma. Nguzo zinaingizwa, hewa inafyonzwa, kisha dawa inasukumwa ndani ya mti kwa shinikizo. Brashi haiwezi kufanya hivyo hata ukipaka mara tano.

Kwa nini ya mviringo? Dawa hupenya sehemu nyeupe ya nje ya mti, lakini kiini cha mkaratusi hakiipokei. Nguzo ya mviringo imezungukwa na ile nyeupe pande zote, kwa hiyo inavaa koti la dawa lisilo na tundu. Ukiichana iwe ya mraba, unaacha kiini wazi na mchwa anapata mlango.

Usiridhike na rangi ya kijani ya nje, maana rangi mtu anaweza kuipaka. Nunua nguzo moja kwanza, uikate futi moja au zaidi kutoka kichwani, kwa sababu kichwani dawa huingia kwa urahisi na haikuambii kitu. Tazama mkato: unatakiwa uone pete ya kijani yenye unene wa kueleweka, isiyokatika mahali popote. Ukiona ukoko mwembamba kama wa ubao uliochovywa tu, nenda yadi nyingine. Na mkato wowote utakaoufanya mwenyewe, uelekeze juu. Ncha iliyokatwa haiingii ardhini.

Dawa hiyo kwa kawaida ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, unaoitwa CCA. Marekani waliiondoa kwenye mbao nyingi za majumbani mwishoni mwa 2003. Kwetu bado ndiyo ya kawaida kwenye nguzo. Kwa hiyo vaa glavu na barakoa unapokata, kusanya unga wa msumeno, wala usiutandaze bandani kwa kuku. Na tafadhali waambie wote nyumbani: vipande vilivyobaki si kuni. Moshi na majivu yake vina aseniki, na hakuna chakula kinachostahili kupikiwa hapo.

Namba mbili: mtiki, lakini kiini chake tu. Mashamba ya Longuza kule Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro yamefanya watu waamini kila kipande cha mtiki hakiozi. Si kweli. Mtiki mchanga uliokatwa shambani ili kupunguza msongamano una sehemu nyeupe kubwa, na hiyo inaoza kama mti mwingine wowote. Tazama kichwa cha nguzo: kama kiini cha kahawia hakijachukua karibu upana wote, bei yake haina maana.

Namba tatu: nguzo ya zege au bomba la chuma lililopakwa zinki, halafu mbao juu yake. Wapenda mbao hawaipendi, nami siipendi kwa macho, ila kama kiwanja chako kina vichuguu, ichukue bila kujutia.

Boriti za mikoko siziweki kwenye orodha. Ni ngumu na zinadumu, wazee walijengea nyumba nzima. Lakini mikoko ni misitu ya hifadhi, ukataji wake unahitaji kibali, na bahari inaihitaji kuliko bustani yangu.

Mbao za kuziba

Hapa ndipo unapoweza kubana fedha. Mbao inayoning'inia inchi mbili juu ya ardhi hukauka saa chache baada ya mvua, kwa hiyo haihitaji kuwa ya kifahari.

Ninayoipendekeza ni paini ya moja kwa sita kutoka Mafinga au Njombe, iliyotiwa dawa kama mfuko unaruhusu. Nyingi zinafika mjini zikiwa mbichi. Inyanyue: mbichi ni nzito na ina ubaridi mkononi. Ubao mbichi ukikauka ukutani unapungua upana kwa robo inchi hivi, na jirani anaanza kuona ndani. Zipange kivulini kwa wiki kadhaa, ukiweka vijiti kati ya safu na safu. Madoa ya bluu ni kuvu. Hayadhoofishi mbao sana, ila yanakuambia ilikaa na maji muda mrefu.

Ya pili kwangu ni mabanzi, yale mapande ya nje ya gogo. Fundi wengi wanayadharau. Yamenyooka vya kutosha, ni rahisi, na yakipigwa kwa kupishana yana sura nzuri ya shambani. Bandua magamba yote kabla ya kupigilia, kwa sababu bungua wanajificha humo.

Mianzi ni ya tatu. Inapendeza mno mwaka wa kwanza. Isipotibiwa kwa boraksi na asidi ya boriki inabunguliwa upesi, kwa sababu ina wanga ambao wadudu hao wanautafuta. Chukua iliyokomaa, miaka mitatu kwenda juu, na isiguse udongo.

Mninga? Uache utengenezewe mlango na kitanda. Bei yake ni mara kadhaa ya paini, na uzio wa bustani hauhitaji hivyo. Ukinunua mti wowote wa asili, omba kuona risiti na hati ya kusafirishia.

Hesabu ya futi 60

Mbao zetu zinauzwa futi 12, kwa hiyo weka nguzo kila futi 6, katikati kwa katikati, na kila papi, yaani ubao wa kulala unaobeba zile za kusimama, itatua juu ya nguzo bila kipande cha kutupa. Kwa futi 60 unahitaji nguzo 11 za futi 9: mbili na nusu ardhini, sita na nusu juu. Papi za mbili kwa tatu, safu tatu, ni vipande 15. Mbao za kusimama za futi 6 zinatoka mbili kwa kila ubao. Ukizipishana inchi moja moja, unahitaji 144, yaani mbao 72 za dukani. Ongeza tano au sita za kufidia zilizopinda.

Usiuzibe kabisa kama unakaa karibu na bahari. Kusi ikivuma mwezi wa sita, uzio uliofungwa unageuka tanga. Piga ubao mmoja mbele ya papi, unaofuata nyuma, zikipishana kidogo. Upepo unapita, macho hayapiti.

Misumari iwe iliyopakwa zinki, inchi mbili na nusu. Shaba iliyomo kwenye dawa inakula chuma kitupu, na chumvi ya hewani inamalizia. Mkaratusi toboa kwanza kwa drili, la sivyo utapasuka.

Chini ya kila nguzo weka tabaka la kokoto lenye kina cha kiganja kimoja ili maji yashuke, kisha zege kuzunguka, na uso wa zege uuinamishe kwenda nje. Kabla ya shimo la kwanza, tafuta bikoni, zile alama za mpaka wa kiwanja, ukiwa na jirani yako, mzione wote wawili. Baada ya hapo, kila masika yakiisha, zunguka na bisbisi: chokoa kila nguzo usawa wa ardhi, na ukiona njia ya udongo inapanda kwenye mti, ikwangue siku hiyohiyo na utafute mchwa anakotokea.